Mwajiri Asiyetoa Ujira

Usiku mmoja wa msimu wa kaskazi niliwakaribisha wageni wangu wawili, wapenzi wa ushairi kutoka Dar es Salaam, tukale chakula cha usiku katika mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe. Jina la mkahawa silitaji, na msomaji asijisumbue kulitafuta, kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayahusu nyumba moja. Tulikula kamba, tukala pweza wa nazi na mkate wa kumimina, tukazungumza habari za vina na mizani mpaka meza za jirani zikabaki tupu. Bili ilipoletwa ilikuwa na shilingi 160,000 za chakula, na chini yake mstari mwengine: ada ya huduma, asilimia 10, shilingi 16,000. Jumla 176,000.

Kijana aliyetuhudumia nilimsomesha mwenyewe Kiswahili, skuli ya sekondari. Alikuwa katika wale wachache ambao mwalimu huwakumbuka hata akishastaafu, maana alijua kuviweka vina vya kati mahali pake bila ya kuvilazimisha. "Shikamoo Maalim," aliniamkia, na usiku kucha hakuniacha nikamwita mara mbili. Mmoja wa wageni wangu, mtu mdadisi, akaionesha ile ada kwa kidole akamuuliza, "Hii asilimia kumi ndiyo yenu nyinyi?" Kijana akatupa jicho upande wa kaunta, akatabasamu tabasamu la kazini, akajibu kwa sauti ya chini, "Hiyo ni ya nyumba, bwana."

Ya nyumba! Huduma imefanywa na mtu, imeandikwa kuwa ni huduma, imelipiwa kama huduma, kisha ni ya nyumba. Mimi nimeishi miaka mingi nikiwakosoa wanafunzi kwa kuyatumia maneno pasipo mahali pake, lakini kosa la namna hii, la neno moja kumla mtu jasho lake, hakuna kalamu nyekundu ya kulitosha.

Siku ya pili alikuja barazani kwangu, akanieleza mengine. Mshahara wake ni shilingi 200,000 kwa mwezi, wala hana mkataba wa maandishi. Mwaka 2024 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi kuwa shilingi 347,000. Yaani bili ya meza yetu moja, ya watu watatu, kwa usiku mmoja, ilikaribia mshahara wake wa mwezi mzima, na ilizidi nusu ya kile kima ambacho sheria inamwambia mwajiri asishuke chini yake. Alipoajiriwa aliambiwa, "Mshahara ni mdogo, lakini wageni wetu ni wakarimu, utajijazia." Basi anajijazia. Fedha anazoachiwa mezani hazitii mfukoni, anazitia katika kisanduku kilichopo kaunta, na kisanduku hufunguliwa na meneja siku ya Jumamosi, meneja naye akiwa na fungu lake. Bilauri ikivunjika, inatoka humo. Mgeni akiondoka bila ya kulipa, aliyekuwa akiihudumia meza ile ndiye hulipa. Mgeni akilipa kwa kadi na akaongeza chochote kwa ajili ya mhudumu, fedha ile huingia katika akaunti ya mwenye mkahawa, na hadithi yake huishia huko. Mpishi na muosha vyombo, ambao mgeni hawaoni, aghalabu hawapati hata hicho cha kisandukuni. Ikifika masika, mkahawa unafungwa miezi miwili, na yeye anarudi kwao shamba bila ya mshahara.

Sisemi kwamba wenye mikahawa na hoteli wote ndivyo walivyo. Wapo wanaolipa vizuri, na wapo wanaoigawa ada ya huduma hadharani, kila mtu akaliona fungu lake mpaka mpishi na mlinzi. Hao ndio wanaodhulumiwa mara mbili, maana wanashindana sokoni na jirani ambaye gharama ya wafanyakazi wake amemtwika mgeni.

Na sasa tuyaangalie maneno, kwa kuwa gazeti hili ni la watu wa maneno. Tunalo neno ujira. Asili yake ni Kiarabu, na kutoka mzizi huohuo tumepata ajira, ajiri, mwajiriwa na mwajiri. Familia nzima ya maneno inakaa nyumba moja, na nguzo ya nyumba hiyo ni malipo: mwajiri ni mtu ambaye ujira hutoka kwake, na mwajiriwa ni mtu ambaye ujira humfikia. Tunalo pia neno bakhshishi, ambalo lina asili ya Kiajemi, kutoka kitendo kinachomaanisha kutoa na pia kusamehe. Bakhshishi haidaiwi. Anayeitoa ameridhika, na asipoitoa hana deni. Kuna bahari nzima baina ya maneno haya mawili, na anayejaribu kuvuka kutoka moja hadi jengine bila ya kulipa nauli anataka kutuibia. Nauliza: ikiwa ujira wa kijana yule unatoka mfukoni mwa mgeni wa Kitaliano aliyeshuka uwanja wa ndege jana na atakayeondoka keshokutwa, mwajiri wake ni nani? Ni yule Mtaliano? Na huyu aliyekaa kaunta, mwenye funguo, anayemwambia saa ya kuingia na saa ya kutoka, tumwite nani? Lugha yetu haina jina la mwajiri asiyetoa ujira. Ina majina mengine, lakini sitayaandika hapa.

Ipo na namna ya tatu ya kutoa, ambayo sisi watu wa mwambao tunaijua kuliko wengine. Mtu amekaa katika taarab, mwimbaji akafika ubeti uliomgusa, akainuka kwa madaha, akenda mpaka mbele akamtunza. Kila mtu anamwona. Fedha ile ina maana yake: wimbo umenifika, au, kwa wenye mambo yao, wimbo huu namtumia fulani aliyekaa kule. Tunzo ni heshima juu ya sanaa, na anayetunza na anayetunzwa wako sawa kwa dakika ile, pengine anayetunzwa ndiye aliye juu. Nimewasikia wenye mikahawa wakitoa mfano huu. Husema, "Mbona hata waimbaji hutunzwa?" Mfano wao unawageukia. Mwimbaji hatunzwi ili apate kula usiku ule asipokufa njaa, na asipotunzwa hadhi yake haipungui. Mhudumu asipoachiwa kitu, watoto wake hawana daftari.

Tena tunalo na neno la nne, nalo lina aibu yake. Wafaransa bakhshishi huiita kwa neno lenye maana ya "ya kunywea", na Wajerumani huiita "pesa ya kinywaji". Sisi tulisema "pesa ya chai", na leo ukitamka chai mbele ya mtu ofisini anaangalia kama mlango umefungwa. Neno lililoanza kwa ukarimu limeishia kwenye rushwa, na halikuchukua muda mrefu.

Ukitaka kuona kazi ambayo neno na tendo lake havijatengana, nenda Forodhani jioni, au msimamishe muuza kahawa anayepita akigonga vikombe vyake. Bei ni bei. Utapunguziwa au hutapunguziwa, lakini unachotoa ni thamani ya kitu, na hakuna anayekungojea umwonee huruma. Mchuuzi yule ni maskini pengine kuliko mhudumu wa mkahawani, lakini anakutazama usoni.

Mtindo huu wa kumfanya mgeni alipe mishahara haukuzaliwa kwetu, na nchi ambayo umekomaa zaidi ni Marekani, wanakotoka wengi wa wale wageni wanaosifiwa kwa kutoa. Inafaa tujue wamefikaje hapo. Baada ya utumwa kufutwa kule mwaka 1865, watu walioachwa huru walitafuta kazi, na miongoni mwa waliowafungulia milango palikuwa na mikahawa, hoteli na mabehewa ya kulala ya kampuni ya George Pullman. Mlango ulifunguliwa, mfuko haukufunguliwa. Watumishi wa mabehewa walilipwa kidogo kwa makusudi, wakaambiwa kilichobaki watakitoa kwa abiria. Na abiria hawakujisumbua kuuliza jina la mtu: kila mtumishi aliitwa "George", kwa jina la mwenye kampuni, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 wakaunda chama chao, kiongozi wake A. Philip Randolph, na iliwachukua miaka 12, mpaka 1937, kampuni kutia saini mkataba nao.

Sisi ambao amri ya kufuta utumwa visiwani kwetu ilitolewa mwaka 1897 hatuhitaji kufafanuliwa kisa hicho. Tunajua kwamba mtu anaweza kuachwa huru asubuhi na jioni akawa anangojea kutupiwa.

Kisha sheria ya Marekani ikaja kuutia mtindo ule muhuri. Mwaka 1966 kima cha chini cha mshahara kilienezwa kwa wafanyakazi wa mikahawa na hoteli, lakini mwajiri akaruhusiwa kuihesabu bakhshishi kuwa ni sehemu ya mshahara, hadi nusu yake. Mwaka 1991 fedha ambayo mwajiri alilazimika kuitoa mwenyewe ilifika dola 2.13 kwa saa. Mwaka 1996 kamba iliyoifunga fedha hiyo na kima cha jumla ikakatwa, na dola 2.13 ikaachwa hapohapo. Kima cha jumla cha serikali kuu kilipanda mpaka dola 7.25 mwaka 2009. Ile ya wahudumu haikupanda hata senti. Sheria inamtaka mwajiri ajazie pale bakhshishi isipotosha kufikia 7.25, lakini mhudumu anayesimama kumwambia bosi wake kwamba usiku wa jana haukutosha anajua kwamba zamu za Ijumaa na Jumamosi atapewa mwengine. Yapo majimbo saba, California ikiwemo, yaliyoukataa mpango huo na kumtaka mwajiri alipe kima kamili kabla ya bakhshishi, na mikahawa yake haijafungwa. Mwaka 2025 wakubwa wa kule wakapitisha sheria ya kuondoa kodi ya mapato ya serikali kuu katika bakhshishi, hadi dola 25,000 kwa mwaka, wakapigiwa makofi. Dola 2.13 wakaiacha ilivyo.

Kwa hiyo Mmarekani anapoacha asilimia 20 mezani Nungwi au Paje, msimwone mkarimu tu. Amelelewa katika nchi ambayo asipoitoa asilimia hiyo anajua amemnyima mtu mshahara. Anakuja nayo kama anavyokuja na kofia yake. Mwenye mkahawa wetu anaiona, anapiga hesabu, anaushusha mshahara. Naye mgeni, akitaka kumwita kijana wetu, hamwiti kwa jina, anamwita "rafiki". Rafiki, lete maji. Rafiki, bili. Afadhali "rafiki" kuliko "George", lakini kijana wangu alipewa jina na wazazi wake.

Halafu kuna mgeni mwengine, wa zile hoteli za pwani zinazouza kila kitu kwa pamoja, chakula, vinywaji na kitanda, mgeni akavishwa ukanda mkononi kama alama ya kuwa ameshalipa. Huyu hashiki fedha tangu asubuhi hadi usiku, naye anaamini kwa dhati kwamba katika alicholipa kwao Ulaya na huduma imo. Ana haki ya kuamini hivyo. Mfaransa khasa: kwao tangu mwaka 1987 bei inayooneshwa mkahawani lazima iwe na huduma ndani yake. Sasa mhudumu aliyeajiriwa kwa ahadi ya "utajijazia" amewekwa mbele ya watu ambao hawana hata sarafu ya kumjazia.

Nije kwenye jambo ambalo watu wazima wa mji huu hulizungumza misikitini, kwenye mabaraza na harusini, lakini hulizungumza kinyumenyume. Tunalalamika kuhusu mabinti wanaofanya kazi mahotelini. Tunasema wamepoteza haya, wanawachekea wanaume, wanavumilia maneno na mikono isiyofaa. Haya, tuseme wanavumilia. Mshahara wa binti yule umefungwa kwenye furaha ya mtu aliyekaa mezani. Akiuondoa mkono ule begani mwake kwa ukali unaostahiki, bakhshishi imekwenda, na meneja atamuuliza kwa nini wageni hawamfurahii. Ukitaka awe na haya ya kutosha, mpe kwanza mshahara wa kutosha, ili apate kukunja uso pale panapotaka uso ukunjwe. Anayemlaumu binti na kumwacha aliyeufunga mshahara wake kwenye kicheko, huyo nadhani hataki kukosana na wenye fedha.

Wenye mikahawa watasema wahudumu wenyewe wanaipenda bakhshishi na hawataki iguswe. Katika hoja zao hii ndiyo yenye uzito, wala sitaipita kama sikuisikia. Kijana wangu aliniambia kwamba katika mwezi wa Disemba ulio mzuri kisanduku hushinda mshahara. Huko Marekani mwenye mikahawa mashuhuri wa New York, Danny Meyer, alitangaza mwaka 2015 kwamba anaiondoa bakhshishi katika mikahawa yake, akapandisha bei ili alipe mishahara. Baadhi ya wahudumu wake wakamkimbia, na mwaka 2020 akairudisha. Nimekiri. Lakini kisa hicho kinanipa hoja mimi. Mkahawa mmoja hauwezi kuogelea peke yake dhidi ya mkondo. Ndiyo sababu pana sheria, ili aliye mwema asishindwe na asiye mwema. Wala mimi sitaki bakhshishi ipigwe marufuku. Atakaye kutoa atoe, na kinachotolewa kimfikie aliyekusudiwa. Ninachokataa ni kuihesabu. Bakhshishi ikishahesabiwa ndani ya mshahara, aliyepewa zawadi si mhudumu tena, ni tajiri wake.

Watasema pia kwamba biashara ni ngumu, kodi nyingi, msimu mfupi. Huenda. Samaki naye amepanda bei, na sijasikia mwenye mkahawa aliyekwenda Malindi akamwambia muuza samaki, "Nipe kwa nusu bei, kilichobaki wageni wangu watakujazia, ni wakarimu."

Na sisi? Sisi tunaojiita wapenzi wa ushairi tumeandika juu ya utalii mashairi yasiyo na idadi. Tumelia kwa nguo fupi, tumelia kwa fukwe zilizozungushiwa ukuta, tumelia kwa Kiswahili kinachoharibiwa na "hakuna matata". Mengi katika hayo ni ya haki, na mimi mwenyewe nimelia pamoja nanyi, tena kwa vina viwili. Lakini ni wangapi kati yetu tuliotunga hata ubeti mmoja juu ya karatasi ya mshahara? Tunaimba "mgeni njoo, mwenyeji apone" kana kwamba mwenyeji ni mmoja. Katika meza ile walikuwepo wenyeji wawili, mmoja kaunta na mmoja aliyebeba sinia, na aliyepona alikuwa mmoja tu. Tena sisi wenyewe tukenda mikahawani ni wagumu kuliko wageni: tunamwita mhudumu kwa kumpigia kidole, tunamkemea kwa pilipili iliyozidi ambayo hakuitia yeye, tunaondoka na chenji yote mpaka ya shilingi mia, kisha tunajisifu kwa ukarimu wa Waswahili. Kuondoka na chenji ni haki yetu. Kumpigia mtu kidole si haki yetu.

Ninayoyataka si makubwa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2024, inayomlazimisha mwajiri kuwafikishia wafanyakazi bakhshishi na ada ya huduma yote, bila ya kukata kitu, kabla ya kumalizika mwezi unaofuata ule ambao mteja alilipa, iwe imelipwa kwa fedha taslimu mikononi mwake au kwa kadi. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 na tuna Baraza la Wawakilishi. Nataka iandikwe katika sheria yetu, kwa Kiswahili ambacho muosha vyombo atakisoma bila ya kuhitaji wakili, kwamba neno "huduma" likiandikwa katika bili, fedha hiyo ni ya waliohudumu, wa mezani na wa jikoni. Kwamba bakhshishi haihesabiwi katika mshahara. Kwamba kisanduku kifunguliwe mbele ya wenye nacho. Na kwamba bilauri iliyovunjika ni gharama ya biashara kama ilivyo gharama ya mkaa. Na kile kima cha 2024 wakaguzi waende wakakitafute mikahawani, wakiwauliza wabeba sinia badala ya kuwauliza walio kaunta.

Mpaka hapo patakapofikiwa, nawaomba wasomaji jambo dogo. Bili ikiletwa na ada ya huduma ikiwa imeandikwa, mwiteni mwenye mkahawa, si mhudumu, mumuulize kwa adabu na kwa sauti ya kusikika meza ya pili: hii inakwenda kwa nani? Mimi nilirudi pale wiki iliyofuata nikauliza. Mwenyewe alikuwepo. Aliniambia ni utaratibu wa kawaida wa biashara, kisha akaniuliza kama chakula kilikuwa na kasoro. Nikamwambia chakula kilikuwa kizuri sana. Akaamuru niletewe kahawa ya bure, na aliyeileta alikuwa mwanafunzi wangu, ambaye hakuniangalia.

Hakukasirika, alinieleza baadaye. Alikuwa anahofu tu, kwa sababu ilikuwa mwezi wa Machi, na Machi ndiyo hupangwa nani ataitwa tena baada ya masika.